Pazia la Leso Kwenye Kombi ya Karanja

Nitasema mapema kabla sijaanza kujipendelea: aliyetundika lile pazia ni mimi. Si Karanja, si dada yangu Rose, wala si wazee wa kwetu niliowatupia lawama siku ile nikiwa nimesimama ukingoni mwa maporomoko ya maji ya Nyahururu, mbele ya watalii, wanafunzi wa shule ya msingi na wazee waliovaa manyoya ya ndege kichwani. Hadi leo nikikumbuka hujifunika mto usoni, na wenzangu wanaoujua mkasa huu wakitaka kuninyamazisha hutaja tu neno karoti.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sijapata kazi, tukiishi mtaa wa Jericho, Nairobi, na mimi ni mtu ambaye hapati usingizi kama kandambili zake chini ya kitanda hazijaelekea upande mmoja. Karibu kila nilichokijua nilijifundisha mwenyewe kwenye maktaba ya mtaa, kuanzia kutengeneza redio (yetu haikupona) hadi kusimamisha hema, na ubaya wangu ni kwamba nikishajifundisha jambo situlii mpaka watu wote walifanye kwa njia yangu.

Sasa, Rose alikuwa amepata mchumba. Jina lake Karanja, kijana wa upande wa Murang'a, fundi wa kunyoosha bodi za magari kule Industrial Area, kwenye viwanda, na alikuwa na kombi aliyoiunga mwenyewe kutokana na kombi mbili zilizogongwa, kwa hiyo mbele ilikuwa nyeupe na nyuma kijani. Baba yetu alishafariki, hivyo neno la mwisho lilikuwa la Mama, na Mama alikataa kulitoa akiwa amekaa kwenye kochi.

"Mimi sina neno na watu wa kwao," alimwambia Rose. "Lakini mtu anayekuja kwangu amechana nywele na kubeba mkate, huyo simjui. Nataka kumwona akiwa na njaa, akiwa amechoka, na gari likiwa limekwama. Hapo ndipo nitajua kama nakutoa au sikutoi."

Rose akafikiri usiku mzima, asubuhi akasema twende safari, sisi wanne, na kombi ya Karanja, tulale kwenye hema Naivasha na kesho yake tutembee tuione nchi, tukaone ziwa la viboko, ikweta, na maporomoko ya Nyahururu ambayo Mama aliyatamani tangu ayaone kwenye kalenda ya duka. Akasema, "Isaya atapanga." Hayo maneno mawili ndiyo yaliyoniharibu.

Nikapanga. Nikaazima mahema mawili ya vijana wa kanisa, nikayasimamisha kwanza uwanjani pale mtaani ili kuyajaribu, watoto wakakusanyika kuniuliza nani amekufa, maana mtaani hema husimamishwa kwa matanga tu, na bibi mmoja wa nyumba za nyuma akaja na pakiti ya sukari kutupa pole (Mama aliirudisha mwenyewe, akaniangalia vibaya). Jirani yetu naye akasimama mlangoni mikono kiunoni akauliza, "Yaani mnaenda kulala nje na mnalipa nyumba?" Sikujali. Kilichonikosesha raha ni jambo lingine kabisa, nalo ni mkwe na mama mkwe.

Kwetu, upande wa Kakamega, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kuepukana. Hawapeani mikono, hawatazamani usoni, hawalali chini ya paa moja. Hayo niliyajua juu juu tu, kama mtoto aliyezaliwa Nairobi, na mimi kujua juu juu siwezi, kwa hiyo Jumapili moja nikaenda Soko la Burma ambako wazee wa kwetu hukutana kula nyama, nikawauliza sheria zote. Laiti ningemuuliza mmoja nikaondoka. Wa kwanza akasema mkwe hatakiwi kumwona mama mkwe akitafuna. Wa pili akasema hata vivuli vyao visipishane. Wa tatu (huyu nafikiri chupa zilishamzidi) akasema mkwe hapaswi hata kumsikia mama mkwe akipiga chafya. Mimi nikayachukua yote, nikarudi nyumbani nikiwa na wasiwasi kuliko nilivyoondoka.

Nikaenda kuikagua kombi. Nikakaa kiti cha nyuma, pale Mama atakapokaa, nikainua macho, na macho ya Karanja, aliyekaa kwenye usukani, yakanitazama moja kwa moja kutoka kwenye kioo cha dereva. Jasho likanitoka. Safari nzima, mkwe na mama mkwe, jicho kwa jicho.

Basi nikafanya uamuzi mdogo, mdogo kabisa. Nikachukua leso ya Rose, ile kanga ya kujifunga kiunoni, nikapitisha kamba toka upande huu wa kombi hadi upande ule, nikatundika pazia kati ya viti vya mbele na vya nyuma, na kile kioo nikakigeuza kikaangalia dari.

"Shemeji," Karanja akaniambia kwa upole, "sasa nyuma nitaonaje?"

"Utatumia vioo vya kando."

"Cha kushoto hakipo."

"Basi cha kulia."

Akakubali. Alikuwa anaogopa kukosea kuliko mimi, maskini, na kila nilichomwambia alikiitikia kama mtu anayesomewa masharti ya dhamana. Nikampa na utaratibu wa kushuka: tukisimama mahali, sisi watatu wa mbele tutatangulia bila kugeuka nyuma, Mama ashuke kwa nafasi yake, na wakati wa kurudi sisi tungoje kando mpaka tusikie mlango wa nyuma umefungwa, ndipo tujue ameingia.

Asubuhi ya safari Mama alilitazama lile pazia, akamtazama Karanja, akanitazama mimi, akasema, "Sawa." Mama yangu akisema sawa na asiongeze kitu, mtu mwenye akili huuliza. Mimi nilifurahi.

Usiku wa Naivasha ulipita salama. Hema la Mama na Rose lilikuwa mwisho huu wa uwanja, langu na Karanja mwisho ule, kombi katikati kama mpaka wa nchi. Kulipokucha Karanja akapika chai, na kwa kuwa hakuruhusiwa kumsemesha Mama, alisimama karibu na jiko akaniambia kwa sauti ya kusikika mpaka ziwani, "Isaya, natumaini Mama amelala vizuri." Kutoka ndani ya hema tukasikia Mama akimwambia Rose, "Mwambie huyo anayeuliza kwamba nimelala." Nikaona mambo yanakwenda vizuri ajabu.

Tukaondoka, Karanja kwenye usukani, Rose katikati, mimi dirishani, na nyuma ya pazia Mama na mahema na masufuria. Mimi ndiye nilikuwa mwenye kuonyesha. Nilikuwa nimesoma habari za kila mahali tutakapopita, na nilizungumza bila kupumua, nikielekeza sauti nyuma ili Mama asikose. Tukapita Gilgil, tukashika barabara ya Nyahururu, na mbele kidogo ya Ol Kalou tukasimama kutazama Ziwa Ol Bolossat, lile la viboko.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ila sisi hatukujua.

Tulitangulia kama ilivyopangwa, tukasimama kwenye kilima, tukawatazama viboko (au mawe, sikuwa na hakika, lakini nilisema viboko). Mama naye akashuka, na kwa kuwa hakutaka kutuharibia utaratibu wetu akaenda upande mwingine, kwa wanawake waliokuwa wakiuza karoti kando ya barabara, akanunua gunia dogo, akamwomba mwenye karoti amwekee ndani ya gari, yeye akapitia nyuma ya ua wa miti kwenda kujisaidia. Yule mwanamke, mtu mwema sana, akaliweka gunia juu ya kiti cha Mama, kombi ikatikisika, akavuta mlango ukafunga kwa kishindo.

Nikasikia mlango. "Mama ameingia," nikasema. "Twende."

Na tukaenda.

Nataka mwelewe kwamba niliendelea kuzungumza. Nilimweleza Mama habari za milima ya Aberdare upande wa kulia. Nilimweleza kwa nini ngano hustawi sehemu hizo. Nilimuuliza, "Mama, unaona?" na aliponyamaza Karanja akanikonyeza kwa wasiwasi, akanong'ona, "Amekasirika?"

"Amelala," Rose akasema. "Mama akiingia kwenye gari hulala hata kabla halijawashwa."

"Basi punguza sauti, shemeji."

Nikapunguza. Karanja akaanza kuyapita mashimo taratibu kama aliyebeba mayai, na kila akikosea tukarushwa aliegemea nyuma kidogo akasema kwa sauti ndogo, "Samahani, Mama," kisha akatabasamu, kwa sababu kutojibiwa aliona ni kusamehewa. Kwenye kibao cha ikweta tukashuka tupige picha. Nikasogea kwenye ubavu wa kombi nikabisha. "Mama, tuko ikweta. Utashuka?" Kimya. Nikawaambia wenzangu tumwache apumzike, nikapiga picha ya kombi ikiwa kwenye mstari ili angalau aonekane kwamba alikuwemo. (Picha hiyo ipo. Rose ameiweka kwenye fremu, na mgeni akiuliza kwa nini wameweka picha ya gari tupu, mimi hutoka nje.)

Tukafika kwenye maporomoko. Pale juu palikuwa na watu wengi, kulikuwa na wanafunzi wamepanga mstari, kwaya ya kanisa imekuja kutembea na mchungaji wake, wapiga picha, na wale wazee wanaovaa ngozi na manyoya kucheza ngoma kwa ajili ya wageni. Karanja akaegesha. Nikazunguka nyuma, nikageuza uso kando kama nilivyojiwekea, nikauvuta mlango ukafunguka, nikasema kwa adabu yote, "Mama, tumefika. Shuka polepole, sisi tutakuwa pale mbele." Kisha tukatembea bila kugeuka.

Tulisimama kwenye ukuta wa mawe tukayatazama maji yakianguka, moshi wa maji unapanda mpaka usoni, nami nimeshajiandaa kueleza, lakini sikutaka kuanza kabla Mama hajafika. Hakufika. Rose akasema anakwenda kumwangalia. Alirudi anakimbia.

"Hayupo kwenye gari. Mlango uko wazi, kwenye kiti kuna karoti."

"Karoti?" Karanja akauliza.

"Gunia la karoti. Alinunua saa ngapi?"

Hapa ndipo ningenyamaza tukafikiri. Badala yake mimi, mwenye kujua kila kitu, nikasema, "Atakuwa amenunua hapa getini. Kwa hiyo ameshashuka. Kwa hiyo yuko hapa hapa."

Tukatafuta. Chooni hayupo, kwenye vibanda vya vinyago hayupo. Tukauliza askari wa geti, naye akauliza swali moja tu, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Huyo mama macho yake yako sawa? Maana ule ukuta kule mwisho ni mfupi."

Sikumbuki vizuri kilichofuata, najua tu kwamba mtu wa kwanza kukimbia alikuwa Karanja. Alishuka zile ngazi za mawe zenye utelezi kuelekea chini kwenye maji akiita, "Mama! Mama!" na Rose nyuma yake analia, na mimi nikabaki juu nimeshika ukuta, nikifanya jambo pekee ninaloliweza, yaani kutoa maelezo. Askari akapuliza filimbi. Mwalimu akawarudisha wanafunzi. Wazee wa ngoma wakaacha ngoma wakaja na manyoya yao, mmoja akaniwekea mkono begani.

"Kijana, mama amevaa nini?"

Nikafungua mdomo nikagundua sijui. Tangu asubuhi sikuwa nimemtazama mama yangu. Nilikuwa nimesimamia pazia, mlango, kioo na vivuli, na Mama mwenyewe sikumtazama hata mara moja. Nikataja gauni la jana. "La bluu," nikasema, "na kitambaa cheupe," na habari ikaenda, mdomo kwa mdomo, kwamba mama wa gauni la bluu kutoka Nairobi ametumbukia majini.

Kwa kuwa chini hawakuona kitu, na ukungu ulikuwa mzito, umati ukaanza kuongea kwa ile sauti ya matanga. Mchungaji wa ile kwaya akatuomba tufumbe macho. Akasema maneno machache mazuri, halafu akaomba mwanamke mmoja, aliye mama, aombe kwa niaba ya akina mama. Kutoka nyuma ya umati mwanamke mmoja akajitolea.

Nilikuwa nimefumba macho kwa nguvu zote machozi yakipita kando. Lakini sauti yake ilinifariji. Nikajiambia, huyu anaomba kama Mama.

"Bwana," alisema, "huyu mama hatumjui, nimefika sasa hivi nikaambiwa habari zake, lakini wewe unamjua. Pengine alikuwa mama wa mtu kama mimi. Pengine hata chai ya asubuhi hakuinywa vizuri. Mpokee, Bwana. Na hao watoto wake waliomwacha atangatange peke yake kama mbuzi wa sokoni, uwasamehe wewe, maana sisi hatuwezi."

"Amina," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Na mimi pia, Bwana, watoto wangu wameniacha barabarani leo. Lakini hilo nisikuchoshe nalo, nitawashughulikia mwenyewe."

Nikafumbua macho.

Alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka nilipo, gauni la zambarau, kitambaa cha njano, mkoba umebanwa kwapani, macho yamefumbwa, uso umeinuliwa mbinguni. Nilijaribu kuita, sauti ikatoka kama ya paka.

"Mama?"

Akafumbua jicho moja. "Isaya. Kumbe uko hapa. Na wewe umekuja kumwombea?" Kisha akakumbuka hasira yake, akafumbua na la pili. "Subiri. Wewe nina maneno na wewe. Lakini kwanza tumalize msiba wa watu. Nani amekufa?"

Mzee wa manyoya bado mkono wake uko begani mwangu.

"Ni wewe, Mama."

Sitawaelezea kicheko kilichoanza kwa wanafunzi kikapanda mpaka kwenye kwaya, na mchungaji mwenyewe akageukia maji akawa anatikisika mabega. Mama hakucheka. Alinisogelea, akanisemesha polepole, na hiyo kwa Mama ni mbaya kuliko kelele.

"Nimetoka nyuma ya ua naona gari linakwenda. Nimepunga mkono. Nimekimbia, Isaya, umri huu. Hakuna aliyetazama nyuma. Bahati mwenye pikapu ya maziwa akanichukua, nikamwambia nipeleke kwenye maporomoko, maana ratiba yako uliisema mpaka nikaijua kama sala. Na huyo mtu wa maziwa aliniweka kiti cha mbele. Akanionyesha ziwa, akanionyesha ikweta. Ndiyo mara ya kwanza nimeona kitu tangu tutoke Nairobi." Akashusha pumzi. "Yuko wapi yule aliyenifunika kwa leso kama maandazi? Anaona haya kuonekana na mimi, si ndiyo? Basi leo namwambia. Rose hatoki kwenda kwa mtu kama huyo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Siku mbili nzima Mama alifikiri pazia ni la Karanja. Alinyamaza kwa sababu gari ni la mwenyewe na mgeni hamfundishi mwenyeji. Yule kijana aliyekuwa akisema samahani kwa kila shimo, aliyenipa kioo chake nikakigeuza, alikuwa anakataliwa kwa kosa langu, na kama ningenyamaza hakuna ambaye angejua. Watu wote walikuwa wakinitazama, na mimi huona haya hata kuomba chumvi mezani kwa watu.

"Ni mimi, Mama," nikasema. "Pazia nililiweka mimi. Kioo pia. Na kutotazama nyuma. Nilitaka heshima ya mkwe ikamilike." Kisha, kwa sababu mimi ni mwoga, nikaongeza, "Wazee wa Burma ndio walionifundisha."

"Wazee wa Burma," Mama akarudia. "Wale ambao wake zao wako nyumbani na wao wanatafuna mifupa sokoni. Isaya, heshima ya mkwe ni kuinamisha macho. Macho yenyewe yanajua kuinama. Nani alikwambia tunaishonea nguo?"

Kabla sijajibu, umati ukapasuka na Karanja akatokea kwenye ngazi. Maji mpaka kifuani, tope mpaka kwenye nyusi, kiatu kimoja kimekwenda na mto. Nyuma yake Rose, anamshika shati. Alikuja akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayeleta habari ambayo hajui ataitoaje, akainua macho kuniangalia, akamwona Mama.

Alitembea moja kwa moja, akamkumbatia. Alimkumbatia mama mkwe wake kwa mikono yote miwili, mbele ya kwaya, wanafunzi na wazee wa ngoma, akaweka lile tope lote kwenye gauni la zambarau, akalia kwa sauti kwenye kitambaa cha njano.

Mimi nilijifunika uso kwa mikono. Haikuwa kupeana mkono, haikuwa kutazamana, haikuwa kivuli kupishana. Nilijaribu kukumbuka kama kuna sheria yoyote niliyofundishwa ambayo alikuwa hajaivunja, na ilibaki ile ya chafya, halafu Mama, maji baridi yalipompenya, akapiga chafya.

Karanja alishtuka kama aliyeguswa na umeme. Akaruka nyuma, akainamisha macho chini mpaka kidevu kikagusa kifua. "Samahani, Mama. Nimesahau. Isaya aliniambia nisi... nimesahau yote."

Mama alijitazama gauni. Akamtazama kijana, toka nywele mpaka ule mguu usio na kiatu, uliokuwa unatoka damu kidogo kwenye kidole. Alimtazama kwa muda mrefu, na Rose nilimwona amekamata mkono wangu bila kujua, kucha zinaniingia.

"Uliingia kwenye maji yale?" Mama akauliza. Alimuuliza yeye mwenyewe, si kupitia kwa mtu.

"Ndiyo, Mama."

"Unajua kuogelea?"

"Hapana, Mama."

Mama akatikisa kichwa. Alinigeukia mimi, akamgeukia Rose, kisha akauambia umati wote, maana ulikuwa hauna nia ya kuondoka:

"Mmeona wenyewe. Huyu mtu amenishika mbele yenu. Kwetu mtu baki hawezi kunishika hivi halafu yakaisha hivi hivi. Hii ni aibu, na hakuna namna ya kuifuta isipokuwa awe mtu wa kwetu. Alete ng'ombe."

Rose akaketi chini palepale kwenye nyasi. Kwaya, ambayo nadhani haikuwa imeelewa vizuri lakini ilijua jambo jema likitokea, ikaanza kupiga makofi, na wale wazee wakakimbilia ngoma zao. Askari wa geti akamuuliza mchungaji sasa aandike nini, kuna aliyekufa au hakuna.

Tangu siku hiyo nimeapa kutompangia mtu mzima heshima yake, na kila nikiona mikono yangu inatafuta kamba, uzi au msumari wa kutundikia kitu kati ya mtu na mtu, naiweka mfukoni. Si rahisi. Wakati tunarudi kwenye gari Karanja alinivuta kando, bado anatetemeka kwa baridi, kiatu kimoja mkononi, akaninong'oneza kama mwanafunzi kwa mwalimu.

"Shemeji, huyo ng'ombe. Huwa analetwa vipi? Kuna utaratibu wake? Asubuhi ama jioni? Nisimame wapi?"

Nilikuwa na majibu, wallahi. Wazee wa Burma walikuwa wamenipa mpaka rangi ya kamba. Niliyasikia yamejipanga kooni yanasukumana kutoka.

"Sijui kitu," nikamwambia. "Yuko pale. Muulize mwenyewe."